Vita Kuu ya 1914–1918: Mzigo Ulibebwa na Nani?



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jina moja mlijualo nyote. Mjini Dar es Salaam pana mahali paitwapo Kariakoo, na mjini Nairobi pana mahali paitwapo Kariokor. Mtu akitajiwa Kariakoo, fikira zake huenda mara moja sokoni, kwenye mafungu ya nyanya na vikapu vya dagaa. Ni wachache wakumbukao kwamba jina hilo halikuwa la soko tangu mwanzo. Lilikuwa jina la kikosi cha watu. Waingereza walikiita kikosi hicho Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, na wenyeji, kwa kuwa neno hilo lilikuwa gumu ulimini, walililainisha likawa Kariakoo. Ndipo hapo wapagazi walipowekwa wakati wa Vita Kuu ya kwanza, iliyopiganwa tangu mwaka 1914 hata mwaka 1918.

Sisi walimu tumezoea kuifundisha vita hiyo kwa majina ya majemadari na kwa tarehe za mapigano. Mambo hayo ni ya kweli, nayo yafaa kujulikana. Leo pia tutayataja. Walakini katika kila vita yupo apigaye bunduki, na yupo amleteaye risasi na unga. Huyu wa pili husahauliwa upesi. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi jioni hii na tujaribu kuuinua mzigo wa wenzetu wa zamani, tupate kuujua uzito wake.

Kwanza yatupasa kujua vita hii ilitoka wapi, maana haikutoka kwetu.

Kabla ya mwaka 1914 mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa yamejigawa makundi mawili. Upande mmoja walikuwa Wadachi pamoja na dola ya Austria na Hungaria. Upande wa pili walikuwa Wafaransa na Warusi, na Waingereza walikuwa karibu nao. Kila taifa lilimwogopa jirani yake, na kwa hofu hiyo lilizidi kuunda manowari na mizinga. Jirani naye, alipoona hivyo, alizidi kuogopa, akaunda zaidi. Pia walikuwa wamefanya maagano ya kusaidiana, hata ikawa huwezi kumgusa mmoja bila kuwagusa wote. Mmepata kuona kijiji ambacho nyumba zake za makuti zimejengwa kwa kubanana, paa juu ya paa? Cheche moja yatosha. Hakuna aulizaye tena kama nyumba ya saba ilikuwa na kosa gani.

Cheche hiyo iliruka tarehe 28 Juni, 1914, katika mji wa Sarajevo, nchi ya Bosnia. Kijana mmoja wa miaka 19, jina lake Gavrilo Princip, alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, pamoja na mkewe Sophie. Wakafa wote wawili. Kijana huyo na wenzake walitaka nchi yao itoke katika utawala wa Austria. Serikali ya Austria ikailaumu Serbia, na tarehe 28 Julai ikatangaza vita juu yake. Warusi wakajiandaa kuisaidia Serbia. Wadachi, kwa kuwa walikuwa wameagana na Austria, wakatangaza vita juu ya Warusi tarehe 1 Agosti, na juu ya Wafaransa tarehe 3 Agosti. Tarehe 4 Agosti majeshi yao yakaingia Ubelgiji, nchi ambayo mataifa makubwa yalikuwa yameahidi zamani kwamba haitaingiliwa. Siku hiyo hiyo Uingereza ikaingia vitani. Tangu risasi ya Sarajevo mpaka siku hiyo zilipita siku 37 tu.

Huenda msikilizaji akauliza: Sarajevo i mbali, ilikuwaje vita ikafika Taveta na Tanga?

Ilikuwa hivi. Nchi zetu zilikuwa zimekwisha kugawanywa na mataifa hayo hayo. Wadachi walitawala nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika, pamoja na Rwanda na Burundi. Waingereza walitawala Kenya, Uganda, Unguja na Nyasaland. Wabelgiji walitawala Kongo. Na Wareno walitawala Msumbiji. Katika mkutano wa Berlin uliokwisha mwaka 1885, mataifa yalikuwa yameandika neno la kwamba nchi za upande huu zingeweza kuachwa nje ya vita za Ulaya, kama wenye kuzitawala wakikubali. Gavana wa Wadachi, Heinrich Schnee, alitamani iwe hivyo. Lakini jemadari wake, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na shauri jingine. Alijua kwamba hawezi kuwashinda Waingereza. Bali aliona kwamba akipigana huku kwa nguvu, itawabidi walete huku majeshi na mali ambayo wangeyatumia Ulaya. Waingereza nao hawakutaka kuwaachia Wadachi bandari zao na simu yao ya upepo, iliyoweza kusema na manowari baharini.

Basi tarehe 8 Agosti, 1914, manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mlingoti wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Tarehe 15 Agosti Wadachi wakavuka mpaka wakaishika Taveta. Vita ikawa imeingia kwetu. Katika shauri hilo lote hapana mwenyeji aliyeulizwa. Huko Nyasaland mchungaji mmoja, John Chilembwe, aliandika barua kwa gazeti mwezi wa Novemba 1914, akauliza kwa nini Waafrika wafe katika ugomvi usio wao. Mwezi wa Januari 1915 aliinuka kwa silaha pamoja na wafuasi wake. Baada ya siku chache aliuawa. Lakini swali lake lilibaki.

Huko Ulaya majeshi yalijichimbia mahandaki, yakakaa yakitazamana, na kati yao palikuwa na seng'enge na matope. Bombom zilikuwa nyingi hata mtu asiweze kusimama wima. Katika siku moja tu, tarehe 1 Julai, 1916, karibu na mto Somme nchini Ufaransa, Waingereza waliouawa walizidi 19,000. Tukisema habari za kwetu, tusidhani kwamba wenzetu wa huko walikaa raha. Mama wa Ulaya aliyepoteza wanawe watatu alilia kama aliavyo mama ye yote.

Vita ya kwetu ilikuwa ya namna nyingine. Haikukaa mahali pamoja. Ilikuwa vita ya kufukuzana.

Mwanzo Waingereza walidhani mambo yatakwisha upesi. Tarehe 2 Novemba, 1914, walifika Tanga na merikebu zilizojaa askari wapata 8,000 kutoka Bara Hindi. Wadachi na askari wao Waafrika walikuwa wapata elfu moja. Kwa siku tatu walipigana katikati ya minazi na mashamba ya mpira na katani. Hata nyuki waliokuwa mizingani waliingia vitani. Walikasirishwa na risasi, wakawauma watu pasipo kubagua bendera. Tarehe 5 Waingereza walirudi merikebuni, wakaacha nyuma bombom 16 na risasi 600,000. Kwa silaha hizo Lettow-Vorbeck aliendelea kupigana siku nyingi.

Baharini palikuwa na manowari ya Kidachi Königsberg. Tarehe 20 Septemba, 1914, iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika midomo ya mto Rufiji. Waingereza waliitafuta, nao hawakuweza kuiangamiza mpaka mwezi wa Julai 1915, walipoleta merikebu zisizozama sana majini, pamoja na ndege Ulaya za kuwaonyesha shabaha. Walakini Wadachi waliitoa mizinga yake kumi kutoka majini, nayo ikakokotwa nchi kavu. Ilikokotwa na nani? Ilikokotwa na watu, kwa kamba, mamia kwa mamia. Mmoja wa mizinga hiyo waonekana mpaka leo Mombasa, katika Ngome ya Yesu. Mtu akipata kuutazama, asiutazame mdomo wake tu. Autazame na uzito wake.

Mwezi wa Februari 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika ya Kusini alishika uongozi wa majeshi ya Waingereza. Alipita kando ya Kilimanjaro, akaishika Moshi, akateremka kuifuata njia ya gari la moshi. Wabelgiji nao walitoka Kongo na askari wao Waafrika. Waliishika Kigali mwezi wa Mei, na Tabora tarehe 19 Septemba. Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kushikwa tarehe 4 Septemba. Watu wengi huko Ulaya walidhani vita imekwisha. Kumbe miaka miwili ilikuwa imebaki, na iliyo mibaya kuliko yote. Lettow-Vorbeck aliliacha reli, akashika njia ya kusini, kupita Rufiji, penye vichaka na mabwawa, mahali ambapo hapakuwa na reli wala barabara.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mzigo.

Jeshi laweza kukaa siku nyingi bila kupiga risasi, lakini haliwezi kukaa siku tatu bila kula. Smuts alikuja na farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari. Mbung'o waliwamaliza. Walikufa makumi ya maelfu, hata njia zikanuka. Magari ya petroli yalizama topeni, na mvua za mwanzo wa mwaka 1917 zilikuwa kubwa mno, Rufiji ukafurika ukawa kama bahari. Ikabaki njia moja tu, nayo ni kichwa cha mtu.

Sasa enyi wanafunzi, chukueni kalamu, tufanye hesabu pamoja. Tuseme mpagazi achukua mzigo wa ratili 60 za unga. Naye ni mtu, lazima ale. Tuseme ala ratili mbili kwa siku. Kama askari wako mbali mwendo wa siku kumi, mpagazi atakwenda siku kumi na kurudi siku kumi, jumla siku 20. Katika siku hizo atakula ratili 40. Basi katika ule mzigo wa ratili 60, utakaomfikia askari ni ratili 20 tu. Na kama askari wako mbali mwendo wa siku 15, je? Kwenda na kurudi ni siku 30, na posho yake ni ratili 60. Mpagazi amekula mzigo wake wote, na askari hakupata hata kibaba kimoja.

Hesabu hii ni fupi, lakini ndani yake imo tarikhi nzima ya vita ile. Kwa ajili yake wakubwa wa jeshi walikuwa na njia mbili tu. Ya kwanza, kuongeza wapagazi, tena wapagazi wa kuwabebea wapagazi. Ya pili, kuipunguza posho ya mpagazi, ili mzigo umfikie askari. Walizifanya zote mbili.

Hata Wadachi wa Ulaya waliujaribu mzigo huu kwa njia ya angani. Mwezi wa Novemba 1917 walirusha chombo kikubwa kilichojazwa hewa nyepesi, kiitwacho L 59, kutoka Bulgaria, kije kuwaletea wenzao huku silaha na dawa. Kilifika mpaka Sudan, kikageuka, kikarudi. Shehena yake ilikuwa wapata tani 15. Tukiigawa kwa mizigo ya ratili 60, ni mizigo ya watu wapata 550. Chombo kile kilichostaajabiwa na dunia nzima kilichukua mizigo ya safu moja tu ya wapagazi. Na safu kama hizo zilipita njiani kila siku, asistaajabu mtu.

Wapagazi walipatikana namna gani? Mwanzo walikuwapo waliokwenda kwa hiari, kwa kutaka mshahara. Walipokwisha hao, serikali ya Kenya ilitoa sheria mwaka 1915 ya kuwashurutisha watu, na mshahara ukapunguzwa ukawa rupia tano kwa mwezi. Mwaka 1917 watu walikusanywa kwa wingi usiopata kuonekana. Jumbe aliambiwa hesabu ya vichwa, naye alilazimika kuitimiza. Walichukuliwa vijana kutoka mashambani, na katika nchi zilizopigwa vita walichukuliwa watu njiani na vijijini, mara na Wadachi, mara na Waingereza, mara na Wabelgiji au Wareno. Mtu aliweza kumbebea huyu mwezi huu, na mwezi ujao akambebea adui yake; mzigo kichwani ulikuwa ule ule.

Wanatarikhi wakadiria ya kuwa upande wa Waingereza peke yao waliandikwa watu wapata milioni moja, nao waliokufa katika wapagazi wakadiriwa kuwa 95,000, au zaidi. Ni kama mtu mmoja katika kila kumi. Hawakufa kwa risasi, illa wachache. Walikufa kwa kuhara damu, kwa kichomi na kwa homa. Mtu aliyezoea ndizi au ulezi alipewa unga wa mahindi wa kusagwa vibaya, naye hana sufuria wala kuni kavu wala nafasi ya kuupika ukaiva. Aliula hivyo hivyo, na tumbo lake likaharibika. Mtu wa milima yenye baridi alipelekwa kwenye mabwawa yenye mbu. Mtu wa joto alipelekwa kulala mvuani milimani na blanketi moja. Alipoanguka, mzigo uligawanywa kwa wenziwe, safu ikaendelea mbele. Upande wa Wadachi hapakuwekwa daftari ya wapagazi waliokufa, na kwa hiyo hata hesabu yao haikupatikana.

Na wale waliobaki nyumbani? Majeshi yalipopita, yalikula. Yalichukua mtama ghalani na ng'ombe zizini, na vijana wa kulima hawakuwako. Katika nchi ya Ugogo, majeshi yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka, mifugo na watu. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, nayo ilidumu tangu mwaka 1917 hata mwaka 1920. Wazazi waliwaweka watoto wao rehani kwa chakula. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1918, ikaja ile homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia, ikawakuta watu wamekwisha kukonda.

Vita yenyewe iliendelea. Mwezi wa Oktoba 1917 palikuwa na mapigano makali Mahiwa, upande wa Lindi. Kwa siku nne askari wa King's African Rifles na wa Nigeria walipigana na askari wa Wadachi, Mwafrika kwa Mwafrika, na upande wa Waingereza waliouawa na kujeruhiwa walizidi 2,000. Mwezi wa Novemba Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Mwaka uliofuata akarudi, akapita kaskazini ya ziwa Nyasa, akaingia Rhodesia ya Kaskazini. Vita ya Ulaya ilikwisha tarehe 11 Novemba, 1918, saa tano ya asubuhi. Lakini habari haikumfikia mpaka siku chache baadaye, karibu na mto Chambeshi, naye aliweka silaha chini huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, tarehe 25 Novemba. Alikuwa na Wadachi 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi na wanawake na watoto waliofuatana nao. Basi mzigo wa mwisho wa vita ile ulitulwa katika bara la Afrika, wiki mbili baada ya Ulaya kupumzika.

Je, baadaye yalikuwaje?

Tarehe 28 Juni, 1919, miaka mitano kamili tangu risasi ya Sarajevo, mkataba wa amani ulitiwa sahihi huko Versailles. Wadachi walinyang'anywa makoloni yao yote. Tanganyika iliwekwa chini ya Waingereza kwa amri ya Shirika la Mataifa, nayo ilipewa jina hilo mwaka 1920. Rwanda na Burundi walipewa Wabelgiji. Na pembe ndogo ya Kionga, kusini ya mdomo wa Ruvuma, walipewa Wareno. Mipaka hiyo ndiyo iliyorithiwa na mataifa yetu huru. Wenyeji hawakuulizwa wakati wa kuanza vita, na hawakuulizwa wakati wa kugawana.

Nchini Kenya askari Wazungu waliotoka vitani waligawiwa mashamba. Mpagazi hakugawiwa shamba. Alipewa sheria ya kipande, iliyoanza kutumika miaka ile ile, ikamlazimu kila mwanamume Mwafrika kuchukua cheti chake popote aendapo, ndani ya kikebe kilichofungwa shingoni. Na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Ilisemwa kwamba wenyewe hawakujulikana walipo. Nao wakati wa kuwatafuta wende vitani, walijulikana sana.

Lakini tusiseme kwamba walirudi na hasara tupu. Watu wa makabila mbalimbali walikuwa wamelala penye moto mmoja na kusemezana kwa Kiswahili. Walikuwa wamemwona Mzungu akiogopa, akiugua na kushindwa kama mtu mwingine. Wale waliorudi hawakuwa kama walivyokwenda, na miaka michache baadaye vyama vya kwanza vya kudai haki vilianza kusikika.

Huko Ulaya amani ile haikudumu. Wadachi waliona wameonewa kwa malipo na masharti ya Versailles. Shida ya fedha iliwazidia, na Adolf Hitler akaitumia hasira yao. Tarehe 1 Septemba, 1939, vita ya pili ilianza, na wana wa Afrika ya Mashariki wakaitwa tena, safari hii mpaka Uhabeshi, Madagaska na Burma. Amani isiyowapatanisha watu ni kama jeraha lililofunikwa kabla ya kusafishwa.

Basi turudi Kariakoo, tumalizie tulipoanzia.

Mjini Dar es Salaam ipo sanamu ya askari Mwafrika, iliyosimamishwa mwaka 1927, bunduki mkononi. Mjini Nairobi ipo nyingine, na miongoni mwa watu wake yumo mpagazi. Ni vema sanamu hizo zimewekwa. Lakini huko Ufaransa, askari wa Ulaya aliyekufa ana jiwe lenye jina lake, au, kama mwili wake haukuonekana, jina lake limechongwa ukutani. Mpagazi hana jiwe wala jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na labda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na wa Misri, hawakuandikwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa; nayo ikaomba radhi. Imekawia zaidi ya miaka mia, lakini neno la kweli likikawia si uongo.

Wengine wasema, watu wale walikuwa wengi mno, majina yasingeweza kuandikwa. Sisi twajibu hivi: wakati wa kuwaandika kazini, waliandikwa. Kila mmoja aliitwa kwa jina lake akatoka mstarini.

Wazee waliobeba mizigo ile wamekwisha kufa wote, na watoto wao karibu wote. Wamebaki vitukuu na vilembwe, ndio ninyi. Katika nyumba nyingi za Ukambani, za Unyamwezi, za Uluguru, za Kavirondo na kwingineko, bado yupo bibi au babu aliyesikia kwamba fulani alichukuliwa Kariakoo asirudi. Hatuna haki ya kuingoja tume ya mbali itufanyie kazi iliyo mlangoni petu. Nendeni mkaulize: aliitwa nani? Mwana wa nani? Alichukuliwa kijiji gani, na nani alimwona mara ya mwisho? Kisha andikeni katika daftari, kwa wino, kwa hati iliyo wazi. Mkileta daftari hizo shuleni, mwalimu azisome mbele ya darasa, jina baada ya jina, kama vile majina yalivyosomwa siku ile walipotoka mstarini.

Hivyo mzigo wao hautakuwa tena kanda la usufi kwetu.